Ukungu Kwenye Uso wa Papa Yako

Nsimire mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Himbi kumuaga mama yako wa ubatizo, na ninavyomjua, hatakuachia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Sanduku lako liko hapa kando yangu. Ulilifunga vizuri, mimi nimelifungua tena, kwa sababu kuna kitu nataka kukiweka chini ya vitenge vyako, na barua hii itakaa juu yake. Kesho ukiwa kwenye boti, Goma ikiwa imeshabaki mstari tu nyuma yako, utafungua sanduku kutafuta shali, maana ziwani asubuhi kuna baridi na wewe huikumbuki baridi mpaka ikushike. Hapo ndipo utaikuta.

Sitakuandikia mambo ya chandarua, wala ya kuchemsha maji, wala ya kumsaidia shangazi yako jikoni huko Bukavu bila kungoja kuitwa. Hayo nimeyasema wiki nzima, mpaka juzi ukanijibu, "Mama, minajua, minajua, minajua." Sawa. Unajua. Mimi nataka kuzungumza nawe habari ya picha.

Najua unacheka. Mama yako na picha! Nikipiga mimi, watu hukatwa vichwa. Siku matokeo ya mtihani wa serikali yalipotoka, wenzako wakakumwagia poda kichwani na mabegani, watu wa Katindo wakatoka nje kupiga vigelegele, nami nikakimbia na simu yangu hii kuukuu nikakupiga. Jua lilikuwa kali. Picha ikatoka nyeupe tupu, na katikati yake meno. "Mama, mimi niko wapi hapa?" uliniuliza. Ulionekana kama mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga. Halafu mjomba wako wa Kampala, kwa furaha ya matokeo hayo hayo, akakutumia ile simu mpya, na tangu siku hiyo nyumba yetu haijatulia.

Nikwambie bila kuficha: simu ile iliniacha mdomo wazi, na bado haujafunga. Siku ya kwanza uliielekeza kwa mbuzi wa jirani, kule ng'ambo ya barabara, ukaivuta picha kwa vidole viwili, ukaniletea ndevu zake hapa kibarazani. Unywele mmoja mmoja! Na kwenye unywele mmoja kulikuwa na jani. Nikatazama ng'ambo, nikaona mbuzi, sikuona jani. Nikatazama kwenye kioo, nikaliona. Nilikuwa nimeishi miaka yote hii nikidhani kitu nisichokiona hakipo, na sasa nafundishwa na ndevu za mbuzi.

Ukaichukua sokoni. Ukanipigia vitenge vyangu kimoja kimoja ili niwatumie wateja, na lazima nikiri vilipendeza kupita kiasi. Unakumbuka yule mama aliyeagiza kile cha zambarau? Alifika mezani kwangu, nikamkunjulia, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Mama, hii haiko ile ya mu foto."

"Njo yenyewe, mama."

"Hapana. Ile ya mu foto ilikuwa inawaka."

Nikamtoa nje ya kibanda, nikakinyoosha kitenge juani, nikamwambia atazame. Jua lenyewe lilishindwa kukifikisha pale simu yako ilipokifikisha. Mama wa watu akaondoka na kingine, amenuna, na wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. Nikakwambia simu yako inasifu kila kitu kama mtu aliyetumwa kuposea kijana. Lilikuwa neno la mzaha. Sikujua kwamba lingenirudia.

Papa yako angeipenda simu hiyo mpaka asahau njia ya kazini. Nimekueleza mambo mengi juu yake: kwamba alikuwa karani kwenye bohari la maharagwe karibu na bandari, kwamba alikuwa mtu wa Bukavu mpaka kwenye namna ya kula ugali, kwamba aliugua kwa muda mfupi na akatuacha wewe ukiwa bado unalala katikati yetu. Lakini sijakueleza vya kutosha jinsi alivyokuwa na simu.

Zamani, Nsimire, picha ilikuwa jambo la Jumapili. Mpiga picha anakungoja nje ya kanisa baada ya misa, unasimama wima, mikono umeibana, hucheki, halafu unangoja Jumapili nyingine ndipo ujione. Ukikuta umefumba macho, basi, umefumba. Kisha siku moja papa yako akaja nyumbani na simu ya kugusa, imeshatumiwa na mtu mwingine, kioo kimepasuka kona moja. Majirani walimiminika kana kwamba tumepata mtoto. Akampiga bibi mmoja wa jirani aliyekuwa akibishana na mtu, akamgeuzia simu hapo hapo. Bibi akajiona, mkono hewani, mdomo wazi. Akaugusa uso wake kwanza, halafu akaigusa simu.

"Nimeingia mule saa ngapi?" akauliza.

Hakuna aliyecheka. Sote tulikuwa na swali hilo hilo. Leo nikizitazama picha za simu ile ni za kusikitisha: ndogo, zimejaa chenga kama uji uliopikwa haraka, na jua likizama kidogo tu haioni kitu. Lakini siku ile ilikuwa muujiza, na nataka ujue kwamba mshangao niliokuwa nao mbele ya simu yako mpya nilikwisha kuwa nao mara moja, mbele ya ile mbovu, na haukuwa mdogo kuliko huu.

Papa yako akawa hatoki bila hiyo simu. Alipiga chukudu ya magurudumu ya mbao iliyobeba makabichi mpaka mwendeshaji haonekani. Alipiga mawe meusi ya barabarani baada ya mvua, eti yanang'aa. Alikupiga wewe umelala, umeamka, umelowa. Alinipiga mimi nimekasirika, kwa makusudi, na nikizidi kukasirika anapiga tena. Ndiyo maana, mwanangu, sisi wote tumo na yeye hayumo. Anayeshika simu haonekani.

Na zile za kabla yake hazipo. Picha za ujana wake, na za harusi yetu, ziliungua na nyumba ya kwanza moto wa mlima uliposhuka mjini, wewe hujazaliwa. Tulitoka na godoro na sufuria. Kuhusu kadi yake ya mpiga kura, unaijua ilivyo, uso ulifutika polepole mpaka pakabaki kijivu, kama kadi za watu wengi hapa. Shangazi yako naye nilishamuuliza zamani. Hana hata moja.

Basi ikabaki ile moja, niliyoipiga mimi. Wewe umekua nayo. Imehama kutoka simu hadi simu, na kila ulipopata simu ilikuwa ya kwanza kuingia. Mwanamume amekaa juu ya ukuta wetu wa mawe, shati jeupe, mikono juu ya magoti. Nyuma yake, juu, doa jekundu, ambalo mtu asiyekaa Goma angedhani ni kidole kimezuia kioo, kumbe ni mlima unapumua. Na pale penye uso hakuna uso. Kuna ukungu, umevutwa upande mmoja.

Ulianza kuuliza ukiwa mdogo sana. "Mama, ju ya nini papa hana uso?"

Nami nilikujibu kila mara, "Simu ilikuwa mbaya."

Sasa tuje kwenye jioni ile ya ukutani, kabla ya Jumapili iliyopita. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Ulikuwa umetoka kuoga, umefunga rasta zako juu kwa kitambaa, jambo usilolifanya mbele za watu. Ukaniita nje. Ukaniambia unataka picha pale pale alipokaa papa, saa ile ile, na mlima nyuma, ya kwenda nayo. Ukanipa simu.

"Shika nguvu, mama. Usitikisike. Usipumue."

"Nisipumue mpaka lini?"

"Mpaka ikwambie."

Nikakwambia hii si simu, ni daktari. Nikabana pumzi. Kwa macho yangu nilikuona kivuli tu juu ya ukuta, na juu yako ule wekundu tuliouzoea, ambao siku hizi hata hatuunyanyulii kichwa. Simu ikanyamaza. Nikahisi kama inafikiri. Wewe ulinieleza baadaye kwamba inakusanya mwanga kidogo kidogo, kama mtu anayekinga maji ya mvua, na kwamba zile za zamani haziwezi kungoja hivyo. Halafu ikalia, ukaruka kutoka ukutani, tukainama juu yake vichwa vikigongana.

Nsimire, nilikaa chini. Nilikaa kwenye mawe na gauni langu safi. Ulikuwa umo mle ndani, wewe mzima, gizani, bila taa: nyusi zako, kovu la kidevuni ulilolipata kisimani, shanga za shingoni. Mlima ulikuwa umesimama wote, si doa tena, na moshi wake umegeuka waridi. Na juu yake nyota. Nilinyanyua macho kutazama mbingu yenyewe, nikaona chache, zile za kawaida. Kwenye kioo zilikuwa zimemwagika kama mchele.

"Hizi zimetoka wapi?" nikakuuliza.

"Zilikuwa pale tu, mama. Ni macho yetu haifike."

Wewe ulidhani nashangaa nyota, na kweli nilizishangaa. Nimekaa chini ya mbingu hiyo maisha yangu yote na sikujua ina watu wengi hivyo. Lakini kulikuwa na kitu kingine kwenye picha ile kilichonikalisha, nitakifikia. Nakiweka kwanza kando kwa sababu nikikiandika sasa nitalia, na bado nina mengi.

Ni jioni ile ndiyo iliyokupa wazo, sivyo? Ukajisemea kwamba simu inayoona gizani itamwona na papa. Jumapili baada ya misa ukajifungia chumbani, na nilipokuwa nikipika ukatoka mbio, machozi yanakushuka na unacheka, umeishika simu kwa mikono miwili.

"Mama, angalia! Ni papa! Imemusafisha! Ona uso!"

Nikapangusa mikono. Nikatazama. Ukutani kwetu, ndani ya shati lile lile jeupe, mlima ule ule nyuma, alikuwa amekaa mwanamume mzuri sana. Pua imenyooka. Macho makubwa yanakutazama. Ngozi laini, imepauka kidogo, kama wale wa matangazo ya sabuni. Masikio mawili yamelingana kabisa. Kama ningekutana naye barabarani ningemsalimu kwa adabu, nikapita.

"Njo vile alikuwaka, mama?"

Na mimi nikasema, "Ndiyo. Ni yeye."

Nilisema hivyo, Nsimire, kwa sababu ulikuwa umengoja uso ule tangu ulipojifunza kuuliza, na maharagwe yalikuwa yanaungua, na neno la ndiyo lilikuwa karibu kuliko lile lingine. Ukaniruka shingoni. Ukaiweka mbele kwenye simu yako, kila ukiiwasha anakutazama. Tangu Jumapili nimekuwa nikiamka na mwanamume yule nyumbani mwangu. Unamwambia habari za asubuhi. Juzi nilikusikia ukimwambia kwamba unaenda kwao, utamwonyesha dada yake.

Ndiyo sababu ya barua hii. Sitaki ushuke Bukavu, umweke mtu huyo mbele ya shangazi yako aliyembeba papa yako mgongoni, na umwone akiutafuta uso wa mdogo wake asiupate. Na zaidi ya hapo sitaki uende nao maishani ukidhani ndio wake. Yule si papa yako. Simu haikumwona. Haikuwa na cha kuona, kwa hiyo ikatunga. Kwenye nyota ilingoja ikakusanya kilichokuwapo. Kwenye uso wake ilikuta hakuna, ikaona aibu kukurudisha mikono mitupu, ikakuletea mtu mwingine. Siilaumu. Mimi mwenyewe nilifanya vivyo hivyo jikoni.

Sasa nikwambie kuhusu ule ukungu, maana hilo ndilo ambalo sijawahi kukwambia.

Jioni ile nilimlazimisha akae. Nilimwambia, kila siku unatupiga sisi, leo na wewe utapigwa. Akacheka, akakaa ukutani kama mtu anayengojea kunyolewa. Simu zile za zamani unazijua: unabonyeza, inasita, inajifikiria, ndipo inapiga, na jioni ndiyo kabisa. Nikamwambia asitikisike. Akatulia kama jiwe. Nikabonyeza. Na katikati ya kule kusita, sauti ikatoka mlangoni.

"Papa! Papa, ona!"

Ulikuwa wewe. Ulikuwa umevaa viatu vyake vya kazini, miguu yako midogo imezama humo, umeshika mlango usianguke. Na yeye, ambaye alikuwa ameahidi kutotikisika, akageuka. Hakufikiri. Uliita, akageuka.

Huo ndio ukungu, mwanangu. Simu haikuwa mbaya kiasi hicho. Shati lake liko wazi, mikono iko wazi, hata vifungo vinaonekana, na wewe mwenye akili zote hizo hukujiuliza kwa nini ni uso peke yake. Ule ukungu uliovutwa upande mmoja ni kichwa cha papa yako kikigeukia sauti yako. Picha ile haikukosa uso wake. Ilichukua kitu ambacho simu yako yote na nyota zake haijawahi kuchukua, na nadhani haitachukua. Na Jumapili ukabonyeza mahali ukakifuta, ukakisafisha, ukidhani ni uchafu.

Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu nilipiga kelele. "Nsimire, umeharibu foto!" Nilikufokea mpaka ukaanguka kutoka kwenye vile viatu. Papa yako akakuokota, ukamlilia begani, akaniambia, "Acha, mama Nsimire. Utapiga ingine kesho." Kesho yake alitoka kazini jioni, akaichukua simu mwenyewe, akakupiga wewe, kama kawaida yake. Halafu nikasahau. Halafu akaugua. Tulipomzika nikabaki na picha hiyo moja, na neno langu lile likarudi, na nikaapa kwamba hutajua kamwe kuwa uliitwa mharibifu wa picha pekee ya papa yako. Nikaitupia lawama simu. Simu haijibu. Nikadhani nakuficha jambo baya. Ni wiki hii tu, nikiona ukungu haupo tena na mgeni amekaa mahali pake, ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote hii nilikuwa nakuficha jambo zuri kuliko yote niliyo nayo.

Kitu nilichoweka chini ya vitenge ni ile simu yake. Nimeifungia ndani ya kipande cha kitenge na chaja yake. Betri yake haishiki moto hata kidogo, lakini ukiichomeka ukutani na kuwa na subira, inawaka. Ifungue picha hiyo humo, si hizi zilizohamahama. Kisha sogeza moja mbele. Kuna nyingine hujawahi kuiona, kwa sababu nilidhani ni takataka na sikuihamisha. Nilipokuwa nafoka kidole changu kilibonyeza tena. Utaona mawe meusi ya uani, yameinama upande, na pembeni kabisa mguu mdogo ndani ya kiatu kikubwa. Hiyo ndiyo sababu aligeuka.

Sikwambii umfute yule mwanamume mzuri. Mwache akae, hana kosa, amekuja kwa sababu ulimwita. Lakini usimwite papa.

Sasa kile nilichokiweka kando. Jioni ile ya ukutani, kabla simu haijalia, jirani alifunga mlango kwa kishindo, na wewe ukageuza kichwa. Nilijua imeharibika. Nilijua kabisa, nikasikia hasira zile zile za zamani zikipanda. Lakini simu yako haikutoa ukungu. Sijui imefanyaje, labda ilikuwa imeshamaliza kukusanya. Ilikutoa umegeuka, wazi, shingo imenyooka, mdomo unaanza kutabasamu kabla hujajua ni nani. Na rasta zako zilikuwa zimefungwa juu. Sikio la kushoto lilikuwa nje, lile unalolificha tangu shule ya msingi kwa sababu wenzako walikucheka, lililojikunja juu kama ukingo wa chapati.

Ni lake, Nsimire. Sikio hilo, na shingo hiyo, na namna ya kutabasamu kabla ya kuangalia. Nilikuwa nikikuona kila siku na sikuliona, kama jani la mbuzi. Ndiyo maana nilikaa chini. Uso uliokuwa ndani ya ukungu ule nilikuwa nao nyumbani miaka yote, naupakulia chakula, naukemea usitie mboga maji mengi. Simu mpya imenionyesha kile ambacho ya zamani ilianza kunionyesha. Nimekuwa nikienda nje kila jioni tangu siku hiyo, natazama mlima, natazama zile nyota chache ninazoziona, na nasema asante bila kujua hasa namwambia nani, Mungu au papa yako au mjomba wako wa Kampala.

Shangazi yako alipiga simu asubuhi hii ulipokuwa sokoni. Unajua simu yake, ile ya vibonyezo, kama kipande cha sabuni. Alikuwa na wasiwasi, hajakuona tangu siku zile za maziko, ulikuwa wa kubebwa.

"Mama Nsimire, batu bako bengi ku bandari. Nitamujua namna gani? Telefone yangu haionake foto. Atavaa nini?"

"Usiangalie nguo," nikamwambia.

"Sasa niangalie nini?"

"Simama tu pale. Utaona mdogo wako Mugisho anashuka mu boti."

Nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikamsikia akipenga kamasi.

Kwa hiyo kesho, mkikaribia, kabla hujasimama, funga rasta zako juu. Ni hilo tu ninalokuagiza, na ulisikie hata kama mengine umeyachoka. Kutakuwa na makelele, wachukuzi, mizigo, watu wakiitana. Shangazi yako ana sauti kubwa. Pengine ataita Nsimire. Pengine, kwa kuchanganyikiwa, ataita Mugisho.

Jina lolote atakaloita, mwanangu, wewe geuka.

Mama yako